Siku Simba Alipokunywa Maji ya Dawa

Zamani hizo, wanyama walipokuwa wakikaa vikao na kupigiana kura, mvua iliiruka Mgungani miaka miwili mfululizo. Mto ukageuka mchanga, mchanga ukageuka vumbi, na vumbi likawaingia wanyama machoni, puani na hata kwenye ndoto. Ndipo walipokubaliana kuweka kando ugomvi wao wa meno na kuchimba kisima kimoja cha wote. Wenye kwato walivunja udongo, wenye pembe wakauinua, na Nyani na jamaa zake, kwa kuwa wamejaliwa mikono, wakapanga mawe ya ngazi kutoka juu mpaka chini. Siku ya arobaini maji yakatoka, matamu na baridi.

Wakaunda Ushirika wa Kisima. Simba akawa mwenyekiti, maana siku ya kura alisimama yeye na hakuna mwingine aliyetaka kusimama karibu naye. Fisi aliomba kazi mbili ambazo hakuna aliyezigombania: kulinda kisima, na kuwazika waliokufa kwa ukame. Wengi walimsifu kwa moyo wake wa kujitolea. Sungura akawa katibu. Na mbiu ya ushirika akapewa Bi Kanga.

Bi Kanga alikuwa na sauti ya kuvuka vilima vitatu, na hakuwa na nyingine. Siri aliyojaribu kumnong'oneza mumewe ilisikika ng'ambo ya bonde, kwa hiyo watu walishaacha kumpa siri. Lakini kwa sababu hiyo hiyo walimwamini. Akisema zamu ya leo ni ya pundamilia, pundamilia walikuja. Akisema maji yamepungua, kila mmoja alipunguza mafunda bila kunung'unika. Yeye mwenyewe aliiona kazi hiyo kuwa heshima kubwa kuliko madoadoa yake yote.

Basi asubuhi moja alifika kisimani mapema, akainamisha kichwa kwenye kibuyu, akakiondoa haraka. Maji yalikuwa na harufu. Si harufu ya tope wala ya majani. Ilikuwa harufu ya kitu kilichokuwa na jina lake kikiwa hai. Kabla jua halijapanda, familia mbili za pundamilia zilikuwa zimejificha vichakani zikishika matumbo.

Bi Kanga alikwenda moja kwa moja kwenye mwamba wa Simba. Kamati ilikuwa imekaa: Simba juu ya mwamba, Sungura kwenye kivuli chake, na Fisi pembeni akijipangusa midomo. Bi Kanga akaeleza aliyoyanusa na aliyoyaona, akauliza nani atashuka kutazama kuna nini humo chini.

Simba hakupenda habari mbaya, hasa zikiletwa na ndege. Alisema ushirika wake una jina, na jina halishushwi kisimani kwa kamba. Akaamua kwamba wakae kimya.

"Mwenyekiti hajibu harufu," alisema.

Fisi aliunga mkono kwa haraka iliyomshangaza hata Simba mwenyewe.

Wakakaa kimya siku tatu. Lakini kimya kile hakikukaa kitupu. Kila mnyama alitia humo lake. Wengine walisema kuna joka la vichwa saba. Wengine walisema nyota imeangukia kisimani ikafia humo. Nyumbu, ambaye huamini kila aambiwalo na hulisimulia kwa nyongeza, alikuwa akieleza kila aliyemsimamisha kwamba Simba huosha humo manyoya yake ya shingo kila Ijumaa. Neno hilo lilipofika mwambani, Simba alinguruma mpaka mchwa wakahama kichuguu.

Sungura alikuwa akingoja saa hiyo. Aliomba ruhusa ya kusema, akasema kwa sauti ya upole kwamba kimya ni silaha ya wakubwa, lakini haina makali. Akajitolea kulishughulikia jambo lile mwenyewe, mradi apewe cheo kinachofanana na kazi: Msemaji Mkuu na Mlinzi wa Jina Jema, pamoja na kivuli cha pili baada ya cha Simba, na karanga za ghala.

"Na maji utayasafishaje?" Bi Kanga akauliza.

"Maji?" Sungura alimtazama kama aliyeulizwa habari za mwezi. "Dada yangu, hapa hayasafishwi maji. Yanasafishwa masikio."

"Basi angalau mmoja wetu ashuke atazame."

"Kutazama ni kukiri," alisema Sungura. Simba akalipenda neno hilo, akalirudia mara mbili. Fisi akalipenda zaidi. Akapendekeza liwe sheria, na tangu hapo ikawa marufuku mtu yeyote kushuka ngazi bila idhini ya mlinzi.

Kesho yake Bi Kanga alipewa maneno ya kutangaza. Hakuyapenda, lakini Simba alikuwa amekaa karibu sana. Akapanda juu ya kichuguu akawaita wanyama, akawaambia kwamba harufu waliyoisikia ni ya mizizi ya dawa iliyokutwa chini ya ardhi, kwamba maji hayo huimarisha mifupa, hufungua koo na kurudisha ujana, na kwamba kuumwa tumbo ni dalili ya ugonjwa kutoka.

Mpango ulifanikiwa kupita kiasi. Wanyama waliokuwa wameanza kususia walirudi, na waliokuwa wakinywa kidogo wakanywa mara mbili. Vikongwe waliletwa na wajukuu wao warudishiwe ujana. Nyumbu alikunywa sehemu yake, akanywa ya mkewe, kisha akajipaka iliyobaki kichwani. Sungura akatembea kwenye foleni akipokea pongezi.

Kufika alasiri hapakuwa na kichaka kisichokuwa na mwenyewe.

Swala alikuwa shoga wa Bi Kanga wa miaka mingi. Alikuja jioni ile kabla jua halijazama, akitembea polepole kwa sababu mwanawe alikuwa akimwegemea ubavuni, miguu ikimcheza, macho yamemwingia ndani. Swala hakupiga kelele. Alimlaza mtoto chini, akamfukuzia nzi, kisha ndipo akasema.

"Hakutaka kunywa, shoga yangu. Alisema yananuka. Nikamwambia ni sauti ya Bi Kanga hiyo, kunywa mwanangu."

Bi Kanga alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakikutoka kitu. Alikesha akimpepea mtoto yule kwa bawa, na kila alipofumba macho aliisikia sauti yake mwenyewe ikivuka vilima vitatu.

Wanyama walipoanza kukusanyika kwa hasira, Sungura alikuwa tayari ana mpango mwingine. Alimweleza Simba kwamba umati wenye hasira ni kama ng'ombe aliyejaa maziwa: lazima papatikane pa kuyamwaga. Akamtaja Nyani. Kwani nani mwenye mikono? Nani hushuka na kupanda ngazi zile? Nani hula matunda na kutupa maganda ovyo? Simba hakuuliza ushahidi, maana Nyani aliwahi kumcheka hadharani.

Bi Kanga alikataa. Alisema sauti imemkauka kabisa, na maneno hayo yakasikika vilima vitatu. Basi akapandishwa kichuguuni. Ili kujiokoa, alianza tangazo lake kwa kusema, "Nimeambiwa niseme kwamba," ndipo akasema la Nyani. Lakini wenye hasira hawasikilizi mwanzo wa sentensi. Kabla hajashuka, Nyani na jamaa zake walikuwa wanakimbizwa kwa mawe kuelekea majabalini, huku Nyani akigeuka kila hatua chache kuuliza amefanya nini.

Wiki ikapita. Nyani hakuwepo, harufu ilikuwepo, tena imenenepa. Na sasa hapakuwa na mikono ya kutengeneza ngazi wala ya kupokezana vibuyu. Mawe mawili yakaporomoka, kamba ikakatika, na foleni iliyokuwa ikiisha asubuhi ikawa haiishi jioni. Tembo walikuwa wa kwanza kuondoka. Walikusanya watoto wao bila kuaga mtu, wakafuata upepo wa kusini. Pundamilia wakafuata. Twiga alibaki siku mbili akitazama walikokwenda wenzake, kisha naye akaenda. Simba, aliyekuwa akihesabu wanachama kutoka mwambani, sasa alikuwa akihesabu mashimo ya kwato.

Ndipo Sungura alipotoa mpango alioukalia muda wote kama kuku anayelalia yai. Kutafanyika Sikukuu ya Kisima. Kutapigwa ngoma, kutaimbwa, na mbele ya wanyama wote Simba atakunywa kibuyu kizima. Nani atakayeona Simba amekunywa na kunguruma, kisha aseme tena kwamba maji ni mabaya?

Simba alikohoa. Aliuliza, kwa heshima ya cheo chake, kama kweli lazima anywe yale maji.

"Bwana Mkubwa, hata kidogo," alisema Sungura. "Kibuyu chenye uzi mwekundu nitakijaza mwenyewe. Maji safi, na asali ndani yake."

Bi Kanga aliyesimama pale kupokea maneno ya mbiu akageuza shingo. "Na hayo maji safi umeyapata wapi?"

"Kila msemaji ana chanzo chake," alijibu Sungura, akaendelea kutafuna karanga.

Siku ikafika. Ngoma zikalia, vumbi likapanda, na waliobaki Mgungani wakakusanyika, zaidi kwa matumaini kuliko kwa furaha. Sungura alikuwa na shughuli nyingi za kukaribisha, hivyo kile kibuyu chenye uzi mwekundu alimpa Fisi akilete kutoka nyumbani kwake.

Yaliyotokea njiani Fisi alikuja kuyakiri baadaye. Kwanza alisikia harufu ya asali. Akaona ni wajibu wa mlinzi kuhakikisha Mwenyekiti halishwi sumu, akaonja. Akaona funda moja halitoshi kwa uhakika, akaonja tena. Alipokuwa na uhakika kamili kibuyu kilikuwa kitupu. Alikaa chini akafikiri kwa taabu, maana kufikiri hakukuwa kazi yake, kisha akapitia kisimani akakijaza mpaka shingoni, akafunga ule uzi mwekundu vizuri.

Simba akasimama juu ya jukwaa la mawe, akatikisa manyoya, akainua kibuyu na kugugumia kwa mbwembwe. Bi Kanga alikuwa karibu naye kuliko wote, na aliona macho yake yakibadilika rangi funda la kwanza lilipofika kooni. Angeweza kutema. Lakini Simba ni Simba. Hakuna aliyewahi kumwona akitema mbele za watu. Akameza. Akanywa mpaka mwisho, taratibu, kama anayemeza jiwe moja baada ya jingine, akakishusha kibuyu na kubaki amefumba mdomo. Kilichonguruma kilikuwa tumbo.

Nyumbu akapiga kwato kushangilia. Sungura, ambaye hakuwa amegundua lolote, akamsogelea Bi Kanga.

"Piga mbiu. Sema Mwenyekiti ameongezeka nguvu."

Bi Kanga alipanda kichuguuni. Alimwona Swala nyuma kabisa ya umati, amesimama kumkinga mwanawe na jua kwa kivuli chake, wala hakumtazama shoga yake. Bi Kanga aliogopa. Simba alikuwa hatua tatu tu. Lakini aliona kwamba akisema tena lile la dawa, hatakuwa tena na sauti, atakuwa na kelele tu.

"Maji yameoza," alisema. "Yameoza tangu harufu ilipoanza, na mimi nilijua. Nikawaambia ni dawa. Nikamsingizia Nyani, naye hana kosa. Swala, nilikudanganya, na mwanao ndiye aliyelipa. Kilichomo chini sikijui, kwa sababu hakuna aliyekubali kutazama. Sasa nashuka mimi. Anayetaka kujua angoje hapa."

Wote wakamgeukia Simba. Alitamani kunguruma, lakini hakuthubutu kufungua mdomo kwa hofu ya kitakachotoka. Sungura alianza kukumbusha kwamba kutazama ni kukiri, lakini Bi Kanga alishafika ngazi ya nne.

Kisima kiliifanya sauti yake kuwa kubwa zaidi. Ilitoka kama inatoka tumboni mwa ardhi. Alisema anaona maji yana utando. Alisema anaona mwanya ukutani, juu kidogo ya maji, umezibwa kwa nyasi kavu. Fisi akajongea ukingoni, akamwita Bi Kanga dada, akamwomba apande, ngazi ni mbovu, asije akaumia. Bi Kanga akasema ameziondoa nyasi. Anaona ubavu. Ubavu wa pili. Anaona mguu mzima, na mwingine umezama nusu.

Akateremshiwa kamba, akapitisha kitanzi kwenye mguu kwa mdomo wake, na Nyumbu akavuta. Ukatoka mguu mkubwa wenye ukwato uliovunjika ncha, na kila mmoja aliujua. Ulikuwa wa marehemu Mzee Nyati. Walikwenda wote kwenye maziko yake, na Fisi ndiye aliyelia kuliko wafiwa, mpaka wafiwa wakaacha vilio vyao wakambembeleza yeye.

Hata hapo Fisi angeweza kukana, na alianza kukana vizuri. Alisema huenda marehemu alihama mwenyewe kwa sababu ya kiu. Lakini Nyumbu, akiushika mguu kwa kinyaa, aliuliza autupe wapi au auchome moto.

"Usichome," Fisi alisema kabla hajajizuia. "Huo nimeuweka wa mwezi ujao."

 Kisha yote yakamtoka: nyama juani hukauka na juu tai huiona, lakini kisimani kuna ubaridi, na tumbo lake halijawahi kumsikiliza.

Sungura aliruka mbele upesi. Alisema hakuwahi kumwamini Fisi hata siku moja, na kwamba sasa itangazwe kuwa ni kamati yenyewe, kwa uongozi wake Simba, iliyomnasa mhalifu huyu baada ya uchunguzi wa muda mrefu. Tayari alikuwa na wimbo.

Simba akamwinulia kiganja. Aliongea kwa shida, neno moja moja. "Kanywe kwanza."

"Nani, Bwana Mkubwa?"

"Wewe. Tangu uipe jina dawa hii sijakuona ukiinywa."

Sungura alisema amefunga. Kisha akasema ana jino bovu. Kisha akasema wasemaji kwa desturi hawanywi wakiwa kazini.

"Ana chanzo chake," alisema Bi Kanga, akikung'uta tope mabawani.

Wakamlazimisha kuwaonyesha. Nyuma ya nyumba yake, chini ya mwamba, alikuwa amefunika kwa majani kidimbwi cha maji yanayochuruzika kutoka kwenye jiwe, maangavu kiasi cha kuhesabu mchanga uliomo. Hayakuwa mengi. Hayangetosha wanyama wote hata kwa siku moja, lakini kwa wagonjwa yalitosha. Swala hakungoja ruhusa ya mtu. Alimpitisha mwanawe katikati yao, akamwinamisha, na wote wakasimama wakimtazama mtoto akinywa mpaka masikio yakaanza kumcheza.

Adhabu haikuwa ya damu. Fisi na Sungura walipewa kazi ya kukausha kisima kile kibuyu kwa kibuyu, Fisi akichota na Sungura akipokea juu. Na kila kibuyu kilichotoka, Sungura alitakiwa kumtangazia kila anayepita kilichomo, bila kupunguza wala kutia chumvi. Bi Kanga alikaa pembeni akisikiliza. Sungura akisema "mabaki ya kihistoria," kibuyu kilirudishwa chini, naye alianza upya mpaka aseme "utumbo uliooza." Ilichukua siku tisa. Mwisho wake alikuwa amejifunza maneno mengi ya kawaida.

Simba naye alipopata nafuu alipanda majabalini kwa miguu yake kumwomba Nyani radhi. Nyani alimwacha angoje chini ya jiwe lake tangu asubuhi hadi adhuhuri akichambua viroboto, na Simba akangoja. Nyani alikubali kurudi kwa sharti moja, kwamba ile sheria ya Fisi ifutwe, na kila mwanachama aweze kushuka ngazi wakati wowote na kutazama.

Maji mapya yalipotulia, mvua ikiwa bado haijaonekana angani, Simba alimwita Bi Kanga amtungie tangazo la kuwarudisha wanachama. Alitaka liwe refu. Bi Kanga alikataa kwa heshima. Alisema sauti yake imekwisha kutumika vibaya mara mbili, kwa hiyo safari hii kisima kijisemee chenyewe. Simba alifikiri, akashika tumbo kwa mazoea, akakubali.

Ngazi ikaachwa wazi. Siku ya kwanza hakuja mtu. Ya pili alikuja Nyumbu, lakini Nyumbu angekuja popote. Ya tatu alikuja Swala na mwanawe. Hakumsalimu Bi Kanga. Alishuka ngazi zote mwenyewe, akatazama kila mwanya, akanusa, akanywa, akakaa ukingoni mpaka jua likapita kichwani akilisikiliza tumbo lake. Ndipo akamwambia mtoto anywe. Bi Kanga, juu ya tawi, hakutoa hata mlio.

Siku ya nne walikuja swala wengine sita. Twiga akaonekana kwa mbali, shingo kwanza. Baadhi ya tembo hawakurudi kamwe, na ilipita misimu miwili kabla Swala hajamwita tena Bi Kanga shoga yake. Lakini kufika mwisho wa mwezi foleni ilifika kichuguuni, bila ngoma, bila wimbo, bila mbiu.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.